Kachumbari Iliyobaki Ukingoni mwa Sinia

Ilikuwa arusi ya binamu yangu, Tanga. Wanawake tumekaa mkekani uani, kila kundi na sinia lake la pilau. Mama mdogo alikaa ubavuni kwangu. Alikula wali na viazi polepole, na kachumbari ilipoangukia upande wake aliisogeza kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa sinia. Kisha akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Tangu nimjue, mama mdogo ni mtu wa ndimu na pilipili mbuzi.

Mazungumzo ya mkekani hayakuwa ya chakula. Yalikuwa ya mikono yake. Vipele bapa, vyeusi, vyenye kung'aa kidogo mwanga ukivipata, vilijaa upande wa ndani wa vifundo vya mikono, na alipokunja miguu vikaonekana vingine kwenye miundi. Mmoja alisema ni damu chafu, anywe shubiri. Mwingine akasema fangasi. Wa tatu akasema hapana, hiyo ni husuda ya watu. Na kuna mmoja aliyenyamaza, na ukimya wake tuliuelewa sote: alikuwa anawaza ule ugonjwa ambao hautajwi mbele ya mgonjwa.

Kachumbari hakuna aliyeitaja.

Nilirudi Dar es Salaam na shughuli zangu, lakini kachumbari ile ilinikaa kichwani wiki nyingi. Mtu anayewashwa ngozi, ndimu inamkera nini?

## Mafuta na kioo

Njia aliyopita mama mdogo kabla ya kupata jina la ugonjwa wengi wenu mnaijua, sitaisimulia yote. Dawa ya upele, na nyumba nzima ikapakwa. Krimu ya fangasi. Sindano ya aleji. Kupima virusi vya Ukimwi, majibu hasi, na bado watu wakamtazama kwa pembe ya jicho. Mwisho alifika kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtulivu, aliyefanya jambo ambalo mama mdogo analisimulia mpaka leo: alipaka tone la mafuta juu ya vipele, akainama na kioo cha kukuzia. Mafuta huifanya ngozi ya juu ipitishe mwanga, na hapo vikaonekana vistari vyeupe vyembamba vikikatizana. Akakata kipande kidogo cha ngozi, kikaenda maabara.

Jibu lilirudi: likeni planusi.

Vistari vile vilielezwa na Mfaransa Louis Wickham mwaka 1895. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshapewa jina mwaka 1869 na Erasmus Wilson, daktari wa London, yule yule aliyelipia kusafirishwa kwa mnara wa jiwe wa Wamisri kutoka Alexandria mpaka ukingo wa mto Thames. Madaktari wa Ulaya waliueleza kwa rangi waliyoiona kwenye ngozi za wagonjwa wao, yaani zambarau, na vitabu vikaendelea kunakili hivyo. Kwenye ngozi zetu vipele hivi huja na kahawia nzito, au kijivu cha majivu, au weusi mtupu. Vistari vya Wickham navyo vinaweza visionekane kabisa kwa jicho tupu.

Kwa hiyo tabibu aliyejifunza kwa picha za Wazungu hukaa anasubiri zambarau ambayo haiji. Jambo hili linanikera, na sioni sababu ya kulipunguza makali: dawa za upele na fangasi zilimla mama mdogo pesa na miezi, na mzigo wa aibu juu yake, kulala chumba cha peke yake asije akawaambukiza wajukuu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda kinachofundisha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita hapo wakajifunza kwa kutazama ngozi kama zetu. Wangekuwa wengi zaidi wilayani, wajukuu wasingetengwa na bibi yao.

Maana ugonjwa huu hauambukizi.

Si kwa mkono, si kwa taulo, si kwa kitanda.

## Nani kasababisha

Jina lilipopatikana, swali la kwanza nyumbani halikuwa la dawa. Lilikuwa: umetokana na nini?

Maelezo ya kitaalamu ni haya. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe za kundi T, ambazo kazi yake mojawapo ni kuua chembe za mwili zilizoingiliwa na virusi. Kwa mwenye likeni planusi, chembe hizo hukusanyika chini ya tabaka la juu la ngozi na kuzishambulia chembe za msingi wake, kana kwamba hizo ndizo zilizoingiliwa. Kinachoanzisha kosa hilo hakijathibitishwa. Ukijikuna kwa nguvu, vipele vipya vinaweza kuota vikifuata mstari ule ule kucha ilipopita, na ndiyo maana mama mdogo aliambiwa apige makofi mepesi panapowasha badala ya kukuna. Wanaoupata zaidi ni watu wazima, kuanzia miaka thelathini hivi mpaka sitini.

Jibu la "ni kinga ya mwili wako mwenyewe" halikukaa vizuri nyumbani kwetu. Sababu isiyo na mtu nyuma yake hairidhishi. Shangazi mmoja aliendelea kutaja husuda hata baada ya kuyaona majibu ya maabara.

Kisha akaja jirani na habari aliyoisikia mahali: ni vidonge vya presha. Hapo jambo likawa gumu, kwa sababu jirani hakusema uongo.

Zipo dawa zinazoweza kuleta vipele vinavyofanana mno na likeni planusi. Vidonge vya kukojoza vya kundi la thiazaidi vimo. Dawa nyingine kadhaa za presha zimo. Baadhi ya dawa za maumivu zimo, na kwinini na klorokwini pia. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa Vita Kuu ya Pili. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilikatika. Majeshi ya Marekani na Australia yakawapa askari wao wa Pasifiki, wakiwemo wale wa New Guinea, vidonge vya mepakrini ili wasiugue malaria. Baadhi ya askari wakatokewa na vipele vya zambarau na vidonda vya mdomoni, ngozi ikawatoka na nywele zikawanyonyoka. Madaktari wa jeshi walipata shida kuutofautisha ugonjwa huo na likeni planusi yenyewe, mpaka walipoona kwamba wanaoupata ni wale wanaomeza vidonge.

Nilipoisoma habari hiyo nilitaka sana iwe ni vidonge. Sababu inayoweza kuondolewa inatia moyo.

Mama mdogo naye alitaka iwe hivyo, na akaacha dawa zake za presha bila kumwambia mtu. Alikuja kugundulika siku aliyopata kizunguzungu sokoni, akapelekwa kupimwa, presha ikakutwa juu kiasi cha kutisha. Angeweza kupooza kwa kukimbia vipele.

Daktari wa ngozi hakumgombeza. Alimweleza kwamba vipele vya dawa vinaweza kuchelewa miezi mingi tangu mtu aanze kumeza, na vikichelewa kuja huchelewa pia kuondoka, hata dawa ikiachwa. Hivyo kuacha vidonge wiki mbili hakujibu swali. Alieleza pia kwamba vipele vya dawa mara nyingi hupenda kiwiliwili na sehemu zinazopigwa na jua kuliko vifundo vya mikono. Akawasiliana na daktari wa presha, wakambadilishia kidonge kwa kingine huku wakimpima. Akapimwa na homa ya ini aina C, kwa sababu katika nchi kadhaa, Italia na Japani zikiwemo, wenye likeni planusi wamekutwa na virusi hivyo mara nyingi kuliko watu wengine. Hakuwa navyo.

Sababu haikupatikana.

Nimeona ni vyema niliandike hilo hivyo hivyo lilivyo.

## Weusi uliobaki

Vipele vilianza kubonyea, kuwasha kukapungua, na mahali pake pakabaki madoa meusi kuliko hata vipele vyenyewe. Mama mdogo alidhani ugonjwa umezidi. Kumbe ndivyo ugonjwa huu unavyoondoka kwa watu weusi. Chembe za msingi wa ngozi zinapokufa, rangi yake hudondokea tabaka la ndani, inamezwa na chembe za usafi wa mwili, na inakaa humo miezi, kwa wengine miaka.

Rangi iko chini. Krimu za kung'arisha zinahangaika juu.

Kuna jambo lingine hapa ambalo lilinichukua muda kulielewa. Tyubu aliyoandikiwa na daktari ilikuwa ya klobetasoli, steroidi yenye nguvu, ambayo ndiyo tiba ya kwanza ya vipele hivi. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayochanganywa kwenye mikorogo mingi inayouzwa mitaani. Ikipakwa nyembamba, juu ya kipele tu, kwa wiki zilizopangwa, inatuliza zile chembe zilizokosea adui. Ikipakwa usoni na mwili mzima mwaka baada ya mwaka, ngozi inakonda, michirizi inatokea, chunusi zinafumuka, na dawa inapenya mpaka kuvuruga homoni za mwili. Wanawake wa mtaani waliiona tyubu juu ya kabati lake. Wakasema, kumbe anajichubua, na hivyo vipele ndiyo malipo yake.

Alitaka kuitupa. Nilimsihi kwa simu asiitupe. Sijui kama angenisikiliza, lakini kuwashwa kwa usiku kulimshinda akaendelea kupaka.

## Jikoni

Nilirudi Tanga kwa jambo la shamba. Jioni moja tulikuwa wawili jikoni, yeye anakoroga mchuzi wa nazi ambao safari hii hakuutia hata pilipili moja.

Nilisitasita. Kwa mila zetu mtoto wa dada hamwulizi mama yake mdogo habari za mwili wake, yeye ndiye anayekuuliza wewe. Na mama mdogo ni kungwi. Mabinti wengi wa mtaa ule amewafunda yeye, na bibi arusi wa siku ile pia ni yeye aliyemkalisha ndani. Nilihisi ninavuka mstari.

"Mamdogo, mbona siku hizi kachumbari huli?"

"Inachoma."

"Inachoma wapi?"

Alipunguza moto, akasogea dirishani kwenye mwanga, akafungua mdomo.

Ndani ya mashavu, pande zote mbili, kulikuwa na vistari vyeupe vilivyosukwa kama wavu wa mvuvi. Pembeni mwa ulimi palikuwa na madonda mekundu. Fizi zilikuwa zimechubuka, nyekundu tii, na aliniambia akipiga mswaki damu inatoka, hivyo upande mmoja alikuwa ameacha kuupiga kabisa. Hali hiyo ilianza kabla ya vipele vya mikononi.

"Kwa daktari ulisema?"

"Kule nilikwenda kwa ajili ya ngozi. Mdomo sikuulizwa."

Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kujua swali linalofuata, na ulimi wangu haukuweza kulitamka. Yeye ndiye aliyelijibu bila kuulizwa, macho yake yakiwa kwenye sufuria.

"Na kwingine pia."

Alikuwa na maumivu ukeni, ngozi imechubuka, mkojo unauma ukipita. Alikuwa ametibiwa U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi, na fangasi za ukeni mara nyingi, kila mahali kwa dalili alizozitaja, bila mtu kumpandisha kitandani amwangalie. Baba mdogo alikuwa ameambiwa ni U.T.I. isiyosikia dawa. Walikuwa wanalala vyumba mbalimbali, na ule uongo wa kuwaogopea wajukuu maambukizi ulikuwa umemsaidia pia kukwepa chumba cha mumewe.

Mwanamke aliyewafundisha mabinti wa watu wasifiche maumivu yao alikuwa ameyabeba yake peke yake.

Mwaka 1982 madaktari wa Ufaransa walieleza mkusanyiko huu huu: fizi, midomo ya uke, na njia ya uke, vyote vikiwa na likeni planusi kwa mtu mmoja. Mwanamke mwenye madonda mdomoni anastahili kuulizwa habari za chini, na wa chini anastahili kuangaliwa mdomo. Usipotibiwa, uchubukaji huo huacha makovu. Midomo midogo ya uke hupungua mpaka kupotea, kuta za uke hushikana, njia ikawa nyembamba. Kovu likishakaa, krimu hailiondoi.

## Kinachoonekana na kinachofichika

Hapo ndipo mawazo yangu ya wiki nyingi yalipogeuka.

Mikono iliyoutisha mkeka mzima ndiyo sehemu isiyo na hatari kubwa. Kwa wagonjwa wengi vipele vya ngozi huondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili, hata kama vinaweza kurudi siku nyingine. Vinawasha, vinatesa, vinaacha weusi, lakini huondoka. Mdomo hauna ratiba hiyo. Likeni planusi ya mdomoni hukaa miaka, na kwa wengi haiondoki, inatulia na kuamka. Kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya mia, katika miaka mingi, panaweza kutokea saratani mahali hapo. Uwezekano ni mdogo, lakini unatosha kufanya mdomo ukaguliwe mara kwa mara, na unatosha kumwambia mtu wa tambuu, ugoro au sigara kwamba sasa aache kweli. Donda lisilofunga, au sehemu iliyoanza kuwa ngumu na kuinuka, haisubiri kliniki ijayo.

Niwe mwadilifu: ngozi nayo ina aina yake ya ukaidi. Kwenye miundi vipele huweza kuungana vikawa magamba mazito yanayodumu miaka mingi, na mara chache sana hata hapo saratani huota. Lakini kwa jumla, madhara ya kudumu yanapenda mahali ambapo macho ya watu hayafiki.

Kucha ni mfano. Kama mgonjwa mmoja kati ya kumi huathirika kucha: zinakonda, zinapasuka kwa urefu, na shambulio likiwa kali ngozi ya juu hushikamana na kitanda cha kucha na kucha haioti tena. Koo la chakula ni mfano mwingine. Linaweza kuwa na vidonda na kovu mpaka mtu anakwamwa na ugali, anaambiwa ana vidonda vya tumbo.

Na kichwa. Hapa nina hofu na dada zangu wengi. Ipo aina inayoshambulia mashina ya nywele, na tawi lake moja, lililoelezwa Australia mwaka 1994, hurudisha nyuma mpaka wa nywele za mbele taratibu, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi au wanaokaribia. Nyusi nazo hupungua. Sisi tukiona paji la uso linapanuka tunasema ni rasta, ni ushungi uliobanwa, ni dawa ya nywele. Mara nyingi ni kweli, kusuka kwa kubana kunang'oa nywele. Lakini nywele zilizong'olewa kwa kusuka mara nyingi huacha ukingo wa vinywele vifupi mbele kabisa, ilhali za ugonjwa huu haziachi kitu, ngozi inabaki laini bila tundu. Shina likishageuka kovu halirudi. Kwa hiyo anayesema "nitafumua nywele nione" anapoteza miezi ya kuokoa zile zilizobaki.

Mdomo, uke, koo, kucha, nywele. Daktari mmoja angeviuliza vyote kwa dakika mbili.

## Tulipo sasa

Nilimpeleka mwenyewe. Daktari wa ngozi aliposikia habari za mdomo aliweka kalamu chini, akamwangalia, akaandika dawa ya steroidi ya kusukutua na kutema. Wiki chache baadaye fangasi nyeupe zikaota mdomoni, jambo ambalo dawa hiyo huleta, zikatibiwa. Ameambiwa abadilishe dawa ya meno achukue isiyo na povu kali, na apige mswaki pande zote kwa mswaki laini, kwa sababu uchafu kwenye fizi huongeza uchubukaji. Kila baada ya miezi sita mdomo unaangaliwa. Daktari wa wanawake amemchunguza. Kovu lipo dogo, njia haijafunga, na mafuta aliyopewa yamempunguzia maumivu. Baba mdogo alielezwa na daktari mwenyewe, mama mdogo akiwa amekaa pembeni. Aliuliza swali moja tu, kama yeye ndiye aliyemletea. Akaambiwa hapana.

Nilimsomea mama mdogo makala hii kwa simu kabla ya kuiweka. Amekataa jina lake na jina la mtaa wake. Nilimwuliza kama niipunguze sehemu ya jikoni. Akasema nisiipunguze, tena niongeze kwamba siku ile kwa daktari wa wanawake alimkuta mama mmoja kwenye benchi analalamikia U.T.I. ya muda mrefu, huku anachovya andazi kwenye chai mpaka linalegea ndipo analila. Alimwuliza kama fizi zinamchoma. Zilikuwa zinamchoma. Amempa namba ya daktari wa ngozi.